Firigisi ya Bibi Milembe

Katoro, Geita
Jumapili, baada ya ibada

Kwako kaka yangu, Baba Gidi,

Shikamoo kaka, na kamwene kwa wote waliokuzunguka hapo jikoni, maana kwa baridi ya Njombe miezi hii najua barua hii utaisomea jikoni. Kifua kinaendeleaje? Bado unakohoa alfajiri, au ile dawa ya zahanati imekusaidia? Na mama je, miguu inamfikisha kanisani mwenyewe, au bado mnampakia kwenye pikipiki huku anawagombeza njia nzima? Mwambie mwanawe wa mwisho anamwamkia. Shemeji Mama Gidi naye nimesikia viazi vimemkubali mwaka huu. Nimefurahi kweli. Viazi vyenu tunaviona hapa sokoni Katoro, na kila nikiona gunia lenye udongo mwekundu nasimama kidogo, kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Shemeji yako Mama Tumaini anaendelea na kibanda chake cha mchele. Karakana yangu nayo inaendelea, wachimbaji hawaishi kuvunja vitu, na mimi siishi kuvichomelea. Leo karasha la kusagia mawe, kesho winchi, keshokutwa ngazi ya kushukia shimoni. Kwa upande huo sina cha kulalamika.

Najua umekasirika. Umenipigia sana sikupokea. Ukampigia Mama Tumaini, akakuambia niko karakana. Sikuwa karakana kaka, nilikuwa nimekaa kitandani mbele yake, namwonyesha kwa mkono akuambie hivyo. Baadaye akaniambia hatasema tena uongo kwa ajili ya mdomo wangu, na ana haki. Basi nimeona niandike, barua nimpe dereva wa lori la viazi anayerudi huko. Kwenye simu nisingeweza. Sina meno ya juu sasa hivi, maneno yangu yanatoka na upepo mwingi, ungeanza kucheka kabla hujajua kilichotokea. Na kilichotokea si cha kuchekwa, kinamhusu Gidioni na uchumba wake. Posa uliyonituma nikusimamie imevunjika, na aliyeivunja ni mimi.

Tulia, nikueleze tangu mwanzo.

Unakumbuka nilikwambia kwamba mpini wa winchi ulinipiga mdomoni. Nilikuwa kwenye duara la mteja wangu, yaani shimo lake la dhahabu, namfungia winchi mpya. Kamba ikaachia, mpini ukazunguka, ukanikuta nimeinama. Meno ya mbele ya juu yakaenda palepale. Yale ya pembeni yalikuwa yameshaoza kitambo, unajua mimi na soda. Nikaenda kwa daktari wa meno mjini Geita, mama mmoja mpole, akayatazama akasema hakuna la kuokoa hapa, akang'oa yote ya juu yaliyobaki. Kisha akaniambia, "Baba, sasa uwe na subira. Fizi zimevimba. Zinatakiwa zikauke na kusinyaa kwanza, inachukua miezi. Ukiweka meno ya bandia sasa hivi, zikisinyaa yatabaki yanakuchezea mdomoni." Nikamwitikia ndiyo daktari, asante daktari, kama mwanafunzi mwema kabisa.

Nilipofika Katoro nikakuta ujumbe wako kwamba umekubali Gidioni aoe, na kwamba kwa kuwa kifua hakikuruhusu safari ndefu, mimi ndiye baba yake huku, niende kwa wazee wa binti nikazungumze kwa niaba ya ukoo. Kaka, nilifurahi mno. Tangu utoto wewe ndiye unayesimama mbele za watu na mimi ndiye ninayebeba mzigo nyuma yako. Safari hii ningesimama mimi. Halafu nikajitazama kwenye kioo cha bodaboda ya jirani. Mashavu yameingia ndani, mdomo umekunjana. Kibogoyo kamili. Nikajiambia siwezi kwenda kutoa posa ya ukoo wetu na sura hii, watasema Wabena wamemtuma babu yao.

Hapa Katoro kuna fundi meno, chumba chake kiko nyuma ya duka la simu. Si mtu mbaya, ni mcheshi, na hakunilazimisha. Nilimweleza aliyosema daktari, akakuna kichwa, akasema, "Daktari kasema kweli. Lakini wewe ndiye mwenye posa." Basi. Nikakaa kwenye kiti, akanijaza mdomo kitu laini kama unga uliokandwa, nikang'ata akapata umbo la kinywa changu kilivyovimba, na baada ya siku chache nikapewa meno meupe kuliko ya bwana harusi yeyote wa mji huu. Mama Tumaini aliponiona alishika kiuno. Akasema, "Baba Tumaini, hayo meno ni ya mtu mwingine mkubwa kuliko wewe." Nikamwona ana wivu.

Wiki ya kwanza yalikaa. Baadaye fizi zikaanza kusinyaa, vilevile alivyosema yule daktari, na meno yakabaki na nafasi. Nikiongea yanagonga. Nikicheka yanashuka. Nikipiga chafya naziba mdomo kwa mikono miwili. Upande wa kushoto yakanichimba kidonda, nikawa nasukutua maji ya chumvi asubuhi na jioni, na chakula changu kikawa uji, ndizi mbivu na mchuzi. Mtu mwenye akili angerudi kwa daktari. Lakini mimi ni fundi kaka, na hilo ndilo tatizo langu. Nikajiambia chuma chenyewe nakipinda ninavyotaka, plastiki itanishinda? Nikachukua tupa nikalainisha pale panaponichimba. Pakaacha kuchimba, pakaanza kulegea zaidi. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli nikakibandika ndani kwa juu ili yakaze. Yakakaza kweli, ila kila kitu nilichokula kikawa na ladha ya baiskeli. Wale vijana wa karakana walijua, wakawa wananiuliza kama nimejaza upepo.

Ndivyo nilivyokwenda kwa wakwe.

Tulikuwa watatu, mimi, Gidioni na mshenga wetu Mzee Luhende. Luhende ni Msukuma anayeishi Kalangalala, mteja wangu wa zamani na rafiki yangu, ndiye anayejua mila za huko na lugha yao. Tulipita Bugarama tukaingia ndani vijijini, kwa Mzee Masanja, baba yake Kabula, binti mwenyewe. Kaka, ni watu wenye heshima zao. Ua mpana umezungushiwa minyaa, zizi kubwa, ng'ombe wenye afya. Mke wa Masanja alifariki Kabula akiwa mdogo, na binti huyo amelelewa na bibi yake, mama mzazi wa Masanja, anaitwa Bibi Milembe. Ni mzee sana, mfupi, amepinda mgongo, macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Alikuja kutupokea mwenyewe. "Mwadila," akatusalimu kwa Kisukuma, nami nikamwitikia kwa uangalifu mkubwa huku ulimi umeyashikilia meno yasishuke.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Luhende alisema, Masanja akajibu, mimi nikatoa neno lako kwa ufupi, watu wakaguna kwa kukubali. Idadi ya ng'ombe haikutushinda, na Masanja hakuonekana mtu wa kukomoa. Gidioni alikuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, lakini nilimwona miguu ikimchezacheza kwa furaha. Mwishoni Masanja akasema, "Basi tule kwanza. Watu wakishakula pamoja hawana tena la kufichana."

Chakula alikipika Bibi Milembe mwenyewe. Luhende alininong'oneza kwamba hiyo ni heshima kubwa. Kijiji kizima kikiwa na harusi au msiba ndiye anayeitwa kusimamia vyungu, na kwa umri wake huo siku hizi hapiki kwa ajili ya kila mtu. Alikuwa amechinja jogoo wake, jogoo mzee hasa wa kufugwa uani. Ugali ukaletwa, nyama ikaletwa, na kisha bibi mwenyewe akaja amepiga magoti, akaniwekea firigisi mbele yangu kwenye kisahani chake peke yake. Kwao firigisi ni ya mgeni mkubwa. Watu wote wakawa wanangoja niile, na bibi akabaki palepale kwenye magoti, anatabasamu.

Kaka, wewe unajua firigisi ya jogoo mzee ilivyo. Hata wenye meno yao huitafuna kwa nguvu. Nikaitia mdomoni. Nikang'ata mara moja, meno yakaruka upande, ile tyubu ikachomoka, kidonda kikagusa plastiki na machozi yakanitoka. Mdomoni mwangu kukawa na meno huku, tyubu huku, na firigisi katikati. Ningetoa vyote hadharani mambo yangeishia kwenye kicheko. Mimi nikajifanya nakohoa, nikatoa leso, nikaitema firigisi ndani yake, nikainuka nikaomba radhi kwamba natoka mara moja.

Nikaenda nyuma ya zizi. Nikarudisha meno. Mbwa wa nyumbani alikuwa amelala pale, nikamtupia ile firigisi, akaila kwa furaha, nilimwona kwa macho yangu mawili. Sikujua kwamba kuna mama jirani anapita nje ya minyaa na ndoo yake kichwani, naye amesimama ananitazama.

Niliporudi sikuweza kula tena. Nilimega ugali kidogo nikamumunya, nyama sikuigusa, nikasema nimeshiba. Sahani yangu ikarudi jikoni kama ilivyokuja. Bibi Milembe aliitazama. Masanja naye aliitazama.

Njiani Luhende akaniuliza, "Bwana Elia, mbona umewaachia watu chakula? Yule bibi kakupikia kwa mikono yake."

Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Luhende ni rafiki yangu, angecheka mpaka aanguke kwenye pikipiki, halafu angewapigia simu akawaeleza, nao wangecheka, na wewe leo ungekuwa unatafuta suti. Badala yake nikamjibu, "Tumbo tu mzee wangu. Liliniuma ghafla pale."

Tumbo, kaka! Katika viungo vyote alivyoniumba navyo Mungu, nikachagua tumbo.

Luhende, kwa wema wake, akampigia Masanja kunitetea. Akamwambia mgeni wetu asiwekewe kinyongo, tumbo lilimsumbua palepale alipoanza kula. Alidhani anazima moto. Wakati huo yule mama wa ndoo alikuwa ameshasimulia kisimani kwamba amemwona mgeni wa posa akitema chakula cha Bibi Milembe nyuma ya zizi na kumpa mbwa. Na mbwa, kwenye maneno ya watu, alikataa kula.

Huku si kwetu kaka. Kwetu mtu akiacha chakula watamsema ana maringo, imekwisha. Huku mgeni akitema chakula cha kikongwe mwenye macho mekundu, halafu ikasikika kwamba tumbo lilimuuma, watu hawasemi maringo. Wanasema jambo jingine, na wakishaanza kulisema hawajui kuliacha. Kuna vikongwe wameuawa katika nchi hii kwa maneno madogo kuliko hayo, wewe mwenyewe umesikia kwenye redio. Mimi nimeishi huku miaka yote hii, nayajua hayo, na bado nilisema tumbo.

Majuma yakapita kimya. Mimi nikadhani wanapanga tarehe. Kisha siku moja Gidioni akaja karakana moja kwa moja kutoka shimoni anakochimba dhahabu, tope mpaka kwenye nyusi, hata hakuniamkia. Akasema, "Baba mdogo, ulitema nini kwa akina Kabula?"

Nikajaribu kumwambia kuhusu tumbo. Akanikatiza. Tangu azaliwe mtoto huyo hajawahi kunikatiza.

"Kulikuwa na msiba pale kijijini," akasema. "Bibi alipika kama siku zote. Vyungu vyake vimerudi vimejaa. Hakuna aliyegusa, baba mdogo. Hata waombolezaji wenye njaa. Sasa wanaume wanapita nyumbani kwao wanatemea mate kwenye minyaa. Mzee Masanja amemhamishia bibi chumbani kwake na analala mlangoni na panga. Na Kabula amenirudishia kila kitu nilichompa. Amesema ukoo uliomharibia bibi yake jina hauwezi kumwita mke."

Akaketi kwenye kipande cha chuma akalia. Mtoto wako, mtu mzima mwenye ndevu, analia mbele ya wafanyakazi wangu. Mimi nimesimama na mashine ya kuchomelea mkononi, na meno mdomoni yananigonga kwa kutetemeka, yanatoa mlio, kwa hiyo hata kumwambia pole sikuweza. Kaka, nimejuta mambo mengi maishani, lakini sijawahi kujuta kama siku ile.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Mama Tumaini. Hakunigombeza. Alinyoosha tu kiganja chake mbele yangu akasema, "Toa." Nikayatoa nikamwekea. Akayafunga kwenye kitambaa akanirudishia, akasema, "Kesho unakwenda Bugarama. Unakwenda hivyo hivyo ulivyo, na hayo unayabeba mfukoni, watu wayaone."

Nikakwenda na Luhende na Gidioni. Njiani nilimweleza Luhende kweli yote. Hakucheka hata kidogo. Tulipovuka Bugarama ndipo akasema, "Na mimi ndiye niliyepeleka hilo tumbo lako kwa mdomo wangu."

Masanja hakutukaribisha ndani. Tulisimama uani. Nilimwomba awaite majirani, hasa yule mama wa ndoo, na mwenyekiti wa kitongoji, ili nilichokuja kusema nikiseme wakisikia. Akamtuma mtu. Watu wakaja. Walikuja wengi kuliko nilivyotaka, maana habari kama hizo hazihitaji kengele. Bibi Milembe alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, amejifunika khanga mpaka kichwani.

Nikatoa kitambaa mfukoni, nikakifungua, nikayainua meno yangu juu ili wote wayaone, na ile tyubu ya baiskeli inaning'inia. Nikafungua mdomo nikawaonyesha na fizi. Nikasema yote, kwa ule upepo wangu wa kibogoyo, Luhende akirudia kwa Kisukuma baada yangu. Kwamba chakula kilikuwa kizuri. Kwamba tumbo halikuniuma siku hiyo wala siku nyingine. Kwamba firigisi ilinishinda kwa sababu sina meno, na kwamba mbwa aliila akamaliza, na mbwa mwenyewe yule pale, mzima, anajikuna. Wengine walicheka. Yule mama wa ndoo alicheka kisha akafunika mdomo kwa khanga, nikaona aibu imemshika na yeye. Mwenyekiti akazungumza maneno makali, akasema asisikie tena mtu akilitaja jina la bibi kwa ubaya, na watu wakaitikia. Nikaanza kufikiri mambo yamekwisha.

Masanja hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hiyo ulikuwa radhi mama yangu aitwe mchawi, ili wewe usiitwe kibogoyo."

Nikasema sikujua kama itafika huko. Akasema, "Ulijua. Umekaa Katoro miaka mingi. Ulijua." Na ni kweli, nilijua.

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya Bibi Milembe. Nikamwomba msamaha. Akafunua khanga, akanitazama mdomoni kwa karibu, kama mtu anayetazama mtoto mgonjwa. Kisha akafungua na wake. Kaka, na yeye hana meno. Juu hana, chini yamebaki mawili au matatu. Siku ile ya posa sikuwa nimemtazama, nilikuwa najitazama mwenyewe.

Akasema, "Ungeniambia, ng'wanawane, mwanangu. Ningekupondea kwenye kinu. Mimi nyama yangu napondewa kila siku na Kabula, nala vizuri tu."

Hapo nikalia mbele ya watu wote. Nilipopata pumzi nikamwambia, mama, nipikie sasa, chochote, hata uji, nile hapa wote wakiona. Nilidhani hilo ndilo litakalosafisha kila kitu. Watu wakawa wanamtazama yeye. Akatikisa kichwa polepole. Akasema hana kinyongo na mimi, lakini mwiko wa kupikia ameshauweka chini. Kwamba siku ile vyungu viliporudi kutoka msibani vimejaa, alivimwaga mwenyewe, akaviosha, akavifunika, na moyo wake umekataa kuvifunua tena. "Kabula atakupikia," akasema. "Kabula amejifunza." Akajifunika tena khanga yake.

Kabula alipika uji. Nilikunywa. Majirani nao walipewa wakanywa, wakaongea kwa sauti kubwa wakiusifu, kama watu wanaotaka kusikiwa. Bibi hakunywa, alisinzia pale kigodani au alijifanya amesinzia.

Wakati wa kuondoka Masanja akanisindikiza mpaka kwenye minyaa, akanipa neno la kukuletea, nalo nakuletea kama alivyolisema. Amesema hamchukii Gidioni, kijana ni mzuri na binti anampenda. Lakini mimi hataki kuniona tena kwenye mazungumzo hayo. Amesema kama ukoo wa Gidioni bado unamtaka binti yake, aje baba mzazi mwenyewe, aanze upya tangu mlangoni. Hakuahidi kwamba atakubali. Alisema tu kwamba baba mzazi atamsikiliza.

Kwa hiyo kaka naomba uje. Najua kifua chako, na najua safari ya basi kutoka huko mpaka huku ilivyo, lakini ngoja tu baridi ipungue, uje na blanketi lako, Mama Tumaini atakupokea na chai ya tangawizi, na Luhende amekubali kwenda na wewe. Gidioni hajui kama nakuandikia. Amerudi shimoni, anafanya kazi na hasemi na mtu, na nikimpelekea chakula anakipokea, anashukuru, anakaa mbali nami kukila. Mwandikie neno la kumpa moyo. Mimi sina tena uso wa kumwambia kitu.

Meno nimeyaweka kabatini. Nimerudi kwa daktari wa Geita, akanitazama bila kunisema, na huko kutonisema ndiko kulikoniumiza zaidi. Kidonda kinapona. Ameniambia nisubiri, na safari hii nasubiri. Kazini nasema na wateja na upepo wangu huo huo, wanacheka, wanazoea. Imekuwa jambo dogo sana, kaka. Kila siku naona lilivyokuwa dogo.

Nisalimie mama, ila usimsomee barua hii yote, mwambie tu nimepoteza meno. Tangu siku ile nikimfikiria mama namwona ni yeye aliyejifunika khanga mlangoni, na watu wanapita wanatemea mate, na usingizi unakataa. Mpe pole shemeji Mama Gidi kwa uchungu wa mwanawe, mwambie naomba anisamehe kabla hajaniona. Msalimie dada yetu mkubwa anayesimamia kwaya, na mjomba wa kinu cha kusaga, na mchungaji, mwambie aniweke kwenye maombi bila kuuliza kisa.

Na ukija, kaka, ukifika kwa Masanja ukakaribishwa, chakula kitaletwa. Kula. Kula kila kitu, mpaka sahani ing'ae. Ukimaliza uliza nani amepika. Wakikwambia ni Bibi Milembe, nipigie simu hapo hapo, hata kama ni katikati ya mazungumzo, nitapokea. Wakikwambia ni Kabula, shukuru, sifia chakula, endelea na posa ya mtoto, na mimi usinipigie.

Ni mimi mdogo wako,
Elia